Juu ya Kupima Kiingereza: Jicho na Sikio

Katika mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na W. A. Dodd, walitoa taarifa yao juu ya mafundisho ya Kiingereza katika Tanzania na matumizi yake kuwa lugha ya kufundishia. Taarifa ile imetajwa mara nyingi kuliko ilivyosomwa. Kwa kuwa mengi yamejengwa juu yake, yatupasa sisi walimu kuipima kama ilivyowapima wanafunzi wetu.

Kipimo walichotegemea hasa ni kile cha mapengo. Hutwaliwa habari iliyoandikwa, maneno hufutwa kwa hesabu, na mwanafunzi hutakiwa kujaza neno lifaalo. Hatukidharau kipimo hiki. Hakimwulizi mtoto kanuni za sarufi alizokariri, bali chamtaka aifuate maana ya habari yenyewe, na asiyeifuata hana pa kujificha. Matokeo yake yalikuwa mazito. Katika Kidato cha Nne ni kama 10 tu katika 100 waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangetazamiwa kuanza. Na katika wale waliopimwa Chuo Kikuu, ambao wangesoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakutimia 20 katika 100.

Neno letu la kwanza ni kwamba kipimo hiki ni cha jicho, hali mwanafunzi darasani hushinda akisikiliza. Penye vitabu vichache sauti ya mwalimu ndiyo kitabu. Jicho laweza kurudi mstari nyuma, sikio haliwezi. Tena lugha yetu ina irabu tano, na Kiingereza kina nyingi kuzipita hizo. Kwa sikio lililolelewa na Kiswahili, maneno ya Kiingereza ya kofia, ya kibanda na ya moyo huwa kama sauti moja. Vivyo hivyo la meli na la kondoo. Katika maandishi yote hutengana waziwazi.

Labda mtu atasema kwamba kusoma na kusikia hufuatana, basi ukipima kimoja umepima vyote. Twakubali kwa kiasi: hufuatana pale lugha inaposikiwa kila siku. Lakini na atembee hapa Mchafukoge, kutoka Mnazi Mmoja kuelekea Kisutu. Madukani atasikia Kiswahili, Kigujarati na Kikachi, na akivuka kuingia Kariakoo, siku hizi hata Kichina. Kiingereza atakiona juu ya mbao za maduka zaidi ya kukisikia vinywani mwa watu. Mtoto wa hapa jicho lake limekwisha kukutana na lugha ile. Sikio lake bado.

Neno la pili ni zito zaidi. Tume ya Makweta ilikuwa imeshauri mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Taarifa ya Criper na Dodd, baada ya kuonyesha kwamba wanafunzi hawafahamu, ilishauri Kiingereza kithibitishwe kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukitia nguvu, pamoja na vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa madaraja. Vitabu ni jambo jema. Lakini hapa shauri halifuati ushahidi: aliyepima kisima akakikuta kikavu hawaambii watu waendelee kuchota.

Madhara yake si ya karatasi tu. Mpaka leo watoto wengi humaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari kwenye Kiingereza. Asiyejibu swali la Baiolojia huhesabiwa mjinga wa Baiolojia, wala hakuna aliyemwuliza kwa Kiswahili ili kujua kama kilichomshinda ni somo au ni lugha.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wapime kwa njia mbili. Watwae habari mbili zenye uzito sawa. Moja wanafunzi waisome wenyewe, ya pili wasomewe kwa sauti. Majibu yote yatolewe kwa Kiswahili, maana anayejibu kwa Kiingereza hupimwa na kuandika pia. Tofauti ya hesabu mbili hizo itamwonyesha mwalimu jambo ambalo taarifa ile haikumwonyesha: kama mwanafunzi wake amekwama katika jicho, au katika sikio, au katika vyote viwili. Kabla ya kujua hayo, tusimwite mtoto mjinga.