Kikombe cha Mwonjaji

Kabla ya umeme kufika katika maghala ya mvinyo ya Bourgogne, mwonjaji alishuka ngazi akiwa na mshumaa mkono mmoja na kikombe cha fedha mkono wa pili. Wafaransa hukiita tastevin. Kina chake kifupi, mdomo mpana, na mara nyingi jina la mwenyewe limechorwa ukingoni. Ndani kuna vinundu upande mmoja na mifuo upande wa pili, kazi yake kuudaka mwanga hafifu wa mshumaa na kuurusha katika mvinyo, ili jicho lione kama umetakata au una ukungu, kama wekundu bado ni wa damu au umeanza kuelekea rangi ya tofali. Wenyeji husema vinundu ni vya mvinyo mwekundu, mifuo ni ya mweupe. Yaani mfua fedha alikitengeneza akilifikiria giza. Navipenda vyombo vya namna hiyo, vilivyofanywa na mtu aliyejua vitatumika wapi.

Leo kikombe hicho huning'inia kwa mkufu kifuani mwa wahudumu wa mvinyo. Chama cha Confrérie des Chevaliers du Tastevin, kilichoanzishwa Nuits-Saint-Georges mwaka 1934 mvinyo ulipokosa wanunuzi, kimekifanya nishani. Kwa harufu, glasi imekishinda, sibishi. Lakini nishani hupewa aliyestaafu.

Kuonja kwenyewe ni kazi ya pua kuliko ya ulimi. Mwonjaji hunusa glasi ikiwa imetulia, huizungusha ili mvinyo upate hewa, kisha hunusa tena. Baina ya kunusa huko kuwili harufu hubadilika, na mwenye haraka hupitwa. Halafu funda dogo, hewa kidogo ivutwe juu yake, lizunguke hadi kwenye fizi, litemwe. Kinachobaki ndicho kinachopimwa: uchachu unaoyaita mate, na ukakasi, kama wa bibo, unaoyakausha. Ukakasi huo ni wa tanini zilizotoka katika maganda na kokwa za zabibu, nazo hushikamana na protini za mate.

Tanini zikikuta nyama, hupata protini nyingine za kushika, na makali hupungua. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, mvinyo wa Madiran wa zabibu za Tannat humkaba anayeunywa bila chakula. Kando ya bata aliyeivishwa polepole ndani ya mafuta yake, huwa mpole. Watu wa Pauillac wana mvinyo wao mzito na kondoo wao mchanga. Mvinyo wa Bourgogne wa zabibu za Pinot Noir hauna ubavu huo: ukakasi mdogo, uchachu mwingi. Mwenzi wake ni nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwa saa nyingi, tena ndani ya mvinyo huohuo, mpaka iachane yenyewe. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga ndoa hizi. Mkulima wa mizabibu na mfugaji walikuwa majirani, basi.

Ujirani huo ndio tunaouvunja. Mwaka 1978 mwanasheria Mmarekani, Robert Parker, alianza jarida lililouzoesha ulimwengu kupima mvinyo kwa alama 100, na wapo wanunuzi ambao hadi leo husoma nambari tu. Mvinyo unaoonjwa bila sahani, katikati ya mingine mingi, hushinda kwa kelele. Ule mtulivu uliozaliwa kwa ajili ya chakula hubaki nyuma. Hata usemi wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba umepotoshwa. Chumba kilichokusudiwa kilikuwa cha nyumba ya mawe isiyo na mitambo ya joto, nyuzi 17 hivi, si sebule ya leo ambamo kileo hupanda puani na kuifunika zabibu.

Mwaka 2010 UNESCO iliuandikisha mlo wa Wafaransa, pamoja na desturi yake ya kuoanisha chakula na mvinyo, katika urithi wa binadamu. Kufikia hapo Mfaransa, aliyekunywa zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa ameshuka hadi chini ya nusu. Madaktari wamefurahi, na wana haki. Ila aliyepunguza glasi hakuiongezea umakini ile iliyosalia.

Basi wewe unayenunua, mwulize mwenye duka mvinyo huu huendana na chakula gani kabla hujamwuliza umepata alama ngapi. Akikosa jibu, nenda duka jingine.