Rambo na Wahakiki Wake

Picha ya "Rambo: First Blood Part II" ya mwaka 1985 ilipewa huko Marekani tuzo ya dhihaka ya Golden Raspberry, kuwa mbovu kuliko zote za mwaka ule. Mimi naipenda, na ualimu wangu haunizuii kusema hivyo.

Wahakiki wana hoja. Mtu mmoja hamalizi jeshi zima, na Wavietnam wamechorwa kama vinyago vya kulengwa shabaha. Lakini kiini cha hadithi ni askari aliyetumwa kutafuta mateka wa vita. Alipompata mmoja, mkubwa wake akaamuru helikopta iwaache palepale. Katika mabanda ya video ya Mwanjelwa, Mbeya, na ya Iringa mjini, hata wasiojua Kiingereza waliielewa dhuluma hiyo bila mkalimani. Nani hajawahi kutumwa kisha akatelekezwa? Ndiyo maana walimshangilia steringi.

Jina lake tukaipa hata mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini Juni 2019.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi msomaji, kabla hujaiita kazi mbovu, waulize walioipenda waliona nini. Aliyeona misuli tu hakuitazama yote.