Baada ya Miaka Hamsini

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi Kusadikika ni mali ya umma huku Bara tangu 2013. (Sadfa iliyoje: tawasifu yake yaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini!) Wako watakao 70, kama Marekani ilivyoamua mwaka 1998, ati kwa ajili ya warithi. Sikubali. Mjane na mayatima nawaelewa, lakini miaka 50 yawatosha. Marehemu mwenyewe alikuwa karani wa forodha, akiandika baada ya kazi. Alichohitaji ni malipo mema angali hai, si kufuli refu mikononi mwa vitukuu.