Sanduku la Kupitisha Upepo

Fundi niliyemwendea, karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kazi yake ni masanduku ya shule. Hukunja bati, hupiga ribiti, hutia bawaba na tumbuu ya kufuli, na mtoto wa kidato cha kwanza akapata pa kufungia sabuni na vitabu. Nilipomwonyesha mchoro wa sanduku la kompyuta aliugeuza mara mbili.

"Mwalimu, hili lina matundu mengi. Mvua je?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sanduku la shule husifiwa kwa kuzuia: mvua, mende, mkono wa mwizi. La kompyuta husifiwa kwa kupitisha. Prosesa ya wati 65 hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto, na joto lisilopewa njia hubaki humo humo hadi mashine ipunguze mwendo au izime. Tena Kisii iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo feni ileile, kwa mwendo uleule, hubeba joto jingi zaidi huko pwani kuliko huku kwetu milimani.

"Mzee, umewahi kuona chai ikinyaushwa?" nikamuuliza. Kwao ni Nyamira. Katika viwanda kama Kebirigo majani mabichi hutandazwa juu ya wavu kwenye hori refu, feni kubwa ikasukuma hewa chini ya wavu, nayo hewa haina pa kutokea ila katikati ya majani.

"Kumbe ni hori," akasema, akashika mkasi wa bati.

Tuliweka feni mbili za milimita 120 mbele, chini, na moja nyuma, juu, kwa kuwa hewa moto hupanda. Hewa inayosukumwa ndani ikizidi ile inayotolewa, vumbi halipenyi kwenye nyufa. Hulazimika kupita mlangoni, ambako nilitandaza soksi ndefu ya nailoni ilinase. Hapo mwanzo tulitoboa uso wa mbele kwa msumari, tundu kwa tundu, ukapendeza kama chujio. Feni zikavuma kwa tabu, kwani bati lililobaki kati ya matundu lilikuwa ukuta. Tukakata duara zima, tukakunja kingo zisikate vidole, tukaziba kwa wavu wa waya.

Kisha nikawasha dawa ya mbu, nikaishika mbele ya wavu. Moshi ulinyooka kama uzi, ukaingia. Lakini uzi mwembamba ulirudi nje pembeni mwa feni, ukavutwa ndani tena. Pengo lenyewe halikuzidi upana wa ukucha, na hewa ilikuwa imelipendelea. Nimeupenda ufundi huu kwa sababu hiyo: unachonga kitu kisichoonekana, na bati ni kingo zake tu. Fundi alikata ukanda wa mpira wa tairi, akaziba pale. Moshi ukaenda wote, ukatokea nyuma, juu, ukiwa umetawanyika.

Akaweka kiganja pale nyuma, akakiacha kwa muda. Hewa ilikuwa vuguvugu.

Tumbuu ya kufuli aliitia bila kuambiwa. Sijaing'oa.