Lita Moja na Nusu Kabla ya Kazi

Mtu anayetoka Kimara kwa baiskeli asubuhi ya Februari kwenda kazini Posta hafiki mkavu. Msimu wa kaskazi hewa ya Dar es Salaam huwa imeshiba mvuke tangu alfajiri, na jasho likitoka halina pa kwenda: linatiririka mgongoni, linalowesha kiuno cha suruali, linaingia machoni. Njia yenyewe haina lawama kubwa. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mwendokasi, mabasi yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, iliwekewa pia vijia vya baiskeli pembeni. Kazi inaanza baiskeli ikishafungwa mnyororo. Ofisi nyingi za mjini zina choo, sinki na kioo, bafu hazina.

Ninaye mfanyakazi mwenzangu, mhasibu, ambaye nimeitazama namna yake ya kulimaliza jambo hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Saa mbili kamili yuko mezani, shati limenyooka, shingo kavu, hana harufu ila ya sabuni ya mche. Vifaa vyake vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa turubai unaokaa juu ya keria: chupa ya maji ya lita moja na nusu, vipande vitatu vya kanga kuukuu, kandambili, kijiwe cha shabu, kiroba cha unga kilichopasuliwa kikawa kama mkeka, na spoki moja ya baiskeli.

Kuoga kwake kunaanza akiwa bado barabarani. Akishavuka bonde la Jangwani na kuupanda mlima wa Fire, anapunguza mwendo kabisa. Vijana wanampita, naye anawaachia. Kutoka hapo hadi Posta anakanyaga pedali kiasi cha kuifanya baiskeli isianguke tu, kwa sababu anachokitafuta sasa ni upepo. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400. Likidondoka chini kabla ya kukauka, linaondoka na joto kidogo mno. Ndiyo maana penye unyevunyevu mtu hulowa na bado akaungua. Upepo wa mwendo wa pole unalikausha jasho huku misuli ikiwa haizalishi tena joto jingi, na hakuna feni ya ofisini inayofanya kazi hiyo vizuri kama kilomita mbili za mwisho zilizoendeshwa kwa subira.

Akifika haingii ndani. Anasimama getini na mlinzi, upande unaopitisha upepo wa baharini kati ya majengo, wanaulizana habari za nyumbani, anakunywa maji. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mwili uliotoka kwenye kazi huendelea kutoa jasho dakika kadhaa baada ya miguu kusimama, maana joto lililojikusanya ndani bado linatafuta njia ya kutoka. Anayekimbilia sinki wakati huo atajifuta, atavaa, kisha atalowa upya ndani ya shati safi. "Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "ukivaa shati mwili bado una moto, umeoga bure." Kipimo chake ni paji la uso: hulifuta kwa kiganja, husubiri, hulifuta tena. Kiganja kikirudi kikavu, anaingia.

Ndani ya choo kitu cha kwanza kinachotoka mfukoni ni ile spoki. Ameipinda ncha zote mbili, moja ikashika ukingo wa juu wa mlango, nyingine ikashika mfuko na shati. Waya wa chuma usiozidi unene wa njiti ya kiberiti, uliokuwa ukibeba gurudumu, sasa umemfanyia kabati mahali ambapo hakuna hata msumari. Anatandika kiroba sakafuni, anavaa kandambili, anasimama juu yake. Maji yote yatakayodondoka yatabaki humo, naye mwishoni atayamwaga chooni. Atakayeingia baada yake hatakuta dimbwi wala alama ya viatu kwenye tope la sabuni. Naupenda uangalifu huu kuliko yote mengine, kwa sababu anamfikiria mhudumu aliyekwisha kupiga deki tangu saa kumi na mbili.

Kisha kanga. Kanga mpya haifai kwa kazi hii. Bado ina wanga wa kiwandani, na maji yanateleza juu yake. Inayofaa ni ile iliyofuliwa miaka mingi hadi nyuzi zikalainika. Hiyo hunywa maji mara moja na hukauka upesi kuliko taulo lolote. Vipande vyake vitatu vina kazi tatu: cha maji matupu, cha sabuni, na cha kukausha. Wala hachovyi kitambaa kwenye chombo. Anakimiminia maji kutoka kwenye chupa, juu ya sinki, anakikamua hadi kiache kudondosha, ndipo anakipitisha mwilini. Kwa hiyo maji yaliyobaki kwenye chupa ni safi hadi tone la mwisho, tofauti na beseni ambalo baada ya mkono wa pili limekwisha kuwa na uchafu wa mkono wa kwanza.

Mpangilio wake aliupata alipokuwa akimuuguza mama yake, na wauguzi wanaomwogesha mgonjwa kitandani wanaufahamu: safi kwanza, chafu mwisho. Uso bila sabuni, kisha nyuma ya masikio, shingo, mikono hadi viganjani, kifua, makwapa, miguu, kinena. Mikono chini ya viwiko huipa muda zaidi, anaiwekea kitambaa chenye maji na kukiacha kikae, kwa kuwa damu nyingi ya moto hupita karibu na ngozi hapo na kwenye viganja, na kuipoza ni kuupoza mwili mzima. Mgongo ndio mtihani. Kitambaa cha sabuni amekikata kirefu makusudi: ncha moja juu ya bega la kulia, nyingine chini ya kiuno upande wa kushoto, anavuta huku na huku, kisha anabadili bega. Mistari miwili inayokatana, na mgongo wote umefikiwa. Anarudia vivyo hivyo kwa kitambaa cha maji matupu, maana sabuni isiyoondolewa ikichanganyika na jasho la mchana huwasha.

Harufu ameifuata hadi kwenye chanzo chake. Jasho linapotoka halinuki. Kikwapa hutokea pale bakteria wanaoishi kwapani wanapolila. Kwa hiyo anaoga kwa sabuni nyumbani kabla ya kupanda baiskeli, jambo ambalo wengine huliona ni kazi bure, ili jasho la njiani litoke juu ya ngozi safi. Fulana ya kuendeshea ni ya pamba. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kuwaendeshesha watu 26 baiskeli za mazoezi na kuzichunguza fulana zao. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Mhasibu wetu hakuhitaji kusoma hayo, pua yake ilikwisha kumwambia. Mwisho analowesha kile kijiwe cha shabu, kama vinyozi wanavyokipitisha kidevuni baada ya wembe, anakisugua kwapani mara moja. Hakina manukato, na hakihitaji.

Wapo watakaosema lita moja na nusu si kuoga. Katika mapokezi ya Anas bin Malik, Mtume alitawadha kwa mudi moja, kibaba kwa vipimo vyetu vya zamani, na akaoga kwa vibaba vinne hadi vitano. Vibaba vinne ni pishi moja, karibu lita tatu. Huo ulikuwa mwili mzima, tangu nywele. Aliyekwisha kuoga nyumbani na anayeondoa jasho la saa moja tu ana maji ya kumtosha, na pwani hii tumekulia katika elimu ya kutopoteza maji.

Ghorofa ya juu yupo dada mmoja wa masijala anayetokea Magomeni, naye ana ufundi mwingine. Hatundiki kitu mlangoni. Anajifunga upande mzima wa kanga kifuani, anavua kila kitu chini yake, anajifuta chini yake, anavaa chini yake, na kanga ndiyo inayoanguka mwisho. Ameuleta ofisini ustadi wa kinamama wa pwani wanaooga mahali pasipo na ukuta bila kuonekana hata goti. Hivyo choo kikiwa na watu, yeye hutumia stoo ya majalada, na sinki halihitaji: chupa yake ameitoboa kizibo kwa msumari wa moto, matundu madogo madogo, akiibana inatoa mvua nyembamba moja kwa moja juu ya kitambaa. Nywele amezisuka twende kilioni wakati wote wa kaskazi, ili ngozi ya kichwa ifikiwe na kitambaa chenye maji.

Wawili hawa hawakubaliani juu ya maji ya baridi. Dada huiweka chupa yake kwenye friji ya ofisi tangu jana yake, akisema ubaridi wa shingoni unamkatisha jasho papo hapo. Mhasibu anasema maji ya barafu huibana mishipa ya ngozi, joto likakwama ndani na kurudi baada ya robo saa, tena mezani, mbele ya wateja. Yeye maji yake ni ya mtungi. Nimewasikia wakibishana hilo kwenye ngazi, kila mmoja ameshika vitambaa vyake vibichi akienda kuvianika juani kwenye baiskeli, kwa sababu kitambaa kikilala kibichi mfukoni, kesho kitakuwa na uvundo, na hapo hata lita kumi hazitasaidia.