Kambi, Kirangozi na Kiranja: Malezi ya Uongozi wa Vijana Tabora

Baraza la vijana, yaani chombo ambamo vijana hukutana, hujadili na huamua mambo yanayowahusu wenyewe, mara nyingi huelezwa kama jambo jipya lililoletwa na mikataba ya kimataifa na sheria za miaka ya karibuni. Kwa Tabora maelezo hayo yana upungufu mkubwa. Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ambako njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, ilikuwa na taratibu zake za kuwafunza vijana kuongoza na kuongozwa kabla ya shule ya kwanza kujengwa, kisha ikawa makao ya shule iliyokusudiwa kuwazalisha viongozi kwa mpango maalumu. Taratibu hizo zikilinganishwa, jambo moja hujitokeza waziwazi: uongozi wa vijana ulishika mizizi pale ambapo kikundi kidogo chenye kazi ya kweli kilitangulia na cheo kikafuata, na ulilegea kila mara cheo kilipotangulia kikundi.

Katika karne ya 19 upagazi, yaani kazi ya kubeba mizigo masafa marefu kwa malipo, ulikuwa kwa Wanyamwezi kazi ya kujivunia, na kwa kijana ulikuwa mlango wa kuingilia utu uzima. Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyefika katika miaka ya 1880 kuhudumia vyombo vya wamisionari katika Ziwa Tanganyika, alieleza kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla hajabeba mzigo wa pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Huenda alitia chumvi, kwa kuwa mila haishikwi kwa ukali uleule kila kijiji, lakini maelezo ya wasafiri wengine yanakubaliana naye kuhusu heshima iliyomsubiri aliyerudi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, sawa na takriban kilo 32, na njia ilipita Uzaramo, Usagara na Ugogo, ambako watawala wa huko walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kuingia katika pori kavu la Mgunda Mkali. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, ingawa misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kwa kasi zaidi, na kwa kawaida iliondoka wakati wa kiangazi ili watu wawahi kurudi mashambani.

Ndani ya msafara kulikuwa na kipande kidogo ambacho wachambuzi wa uongozi hukipita haraka, nacho ndicho kiini cha mambo yote. Wapagazi waligawanyika katika kambi, jina lililohusu kituo cha kulala na pia kundi la watu wachache, pengine wawili, pengine wanane, waliokula chungu kimoja na kuota moto mmoja. Posho iligawiwa ikaishia humo. Kuteka maji, kutafuta kuni, kusimamisha kibanda na kupika yalikuwa mambo ya watu wa chungu hicho, na aliyesafiri kwa mara ya kwanza aliyajifunza kwa kuyafanya mbele ya macho ya waliomtangulia. Kijana aliyechelewesha maji hakuwa amevunja kanuni iliyoandikwa mahali fulani, bali alikuwa amewalaza na njaa watu anaowajua kwa majina, nao walimwambia hivyo usiku uleule. Hisia ya kuwa mmoja wao, ambayo programu nyingi za vijana za leo hujaribu kuijenga kwa fulana za rangi moja na nyimbo za ufunguzi, hapa ilizaliwa na kutegemeana kwa siku hadi siku, na ilikuwa na uzito kwa sababu aliyeshindwa kutimiza sehemu yake aliwaumiza wenzake kweli.

Juu ya kambi alikuwapo kirangozi, yaani kiongozi wa mwendo aliyetangulia mbele ya msafara wote akiwa amevaa joho jekundu na kilemba cha manyoya au ngozi ya mnyama, akifuatwa na mpiga ngoma. Naye alikuwa mpagazi kama wengine, mara nyingi akiwa amepatikana kwa ridhaa ya wapagazi wenyewe kutokana na ujuzi wake wa njia, wa visima na wa tabia za watawala wa njiani. Burton alieleza utaratibu mmoja unaostahili kuangaliwa kwa karibu: mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi njiani alichomolewa mshale mmoja kutoka katika podo lake, na mshale huo ukawekwa hadi mwisho wa mwendo ili mwenyewe atambulike na atozwe faini. Adhabu hii ina mambo matatu ambayo yeyote anayeandika kanuni za baraza la vijana angefaa kuyatafakari. Kosa lilijulikana na kila mtu kabla halijatendwa. Ushahidi wake ulikuwa kitu kinachoshikika, wala haukuwa kumbukumbu ya mkubwa aliyekasirika. Na hukumu iliahirishwa hadi watu watue mizigo, wakati ambapo hasira ilikuwa imepoa na wenzake wote wapo wakisikiliza.

Mamlaka hayo yalikuwa na mpaka. Kirangozi aliamua mwendo, lakini hakuamua mambo ya chungu cha kambi ya mtu mwingine, na msafara mzima ulikuwa na njia ya kumjibu yeye pamoja na tajiri mwenye mali, kwa kuitisha shauri, kwa kukataa kunyanyua mizigo asubuhi, au kwa kutoroka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba migomo hiyo ilifuata desturi zilizojulikana kuhusu posho, uzito wa mzigo na urefu wa mwendo, kiasi kwamba tajiri mwenye busara alizisoma kabla mambo hayajafika kwenye ugomvi. Kijana aliyepita humo alijifunza kutii na kukataa kwa wakati mmoja, na aliona kwa macho yake kwamba anayeongoza huendelea kuongoza kwa muda ule tu ambao wanaomfuata bado wanaona sababu ya kumfuata.

Utaratibu unaofanana na huo ulikuwapo pia vijijini, hasa kwa Wasukuma, ndugu wa karibu wa Wanyamwezi, ambao leo ni wengi pia katika wilaya za Nzega na Igunga. Vijana walikuwa na vikundi vyao vya kulima kwa ushirikiano vikiongozwa na nsumba ntale, kijana aliyechaguliwa na vijana wenzake, ambaye alipokea maombi ya wenye mashamba, akapanga zamu, na akawawakilisha wenzake mbele ya wazee. Hapa tena kazi ilitangulia, kwa kuwa bila shamba la kulimwa na chakula cha kugawana baada ya jembe kusingekuwa na kitu cha kumchagulia kiongozi.

Haitakuwa haki kuipamba historia hii. Njia ileile iliyomkomaza kijana mmoja ilimpitisha mwingine akiwa mtumwa, na pembe iliyoletea familia nguo iliuzwa katika soko moja na watu. Zaidi ya hayo, Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, aliwakusanya vijana waliojulikana kama rugaruga katika vikosi vilivyokuwa na mshikamano mkubwa, alama zao na ujasiri wa kutisha, na vijiji vingi vikateketea. Mshikamano na uongozi peke yake, kwa hiyo, si wema wenyewe. Hutegemea kazi ambayo kikundi kimepewa, na wale waliopewa haki ya kukiuliza.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, msingi wa kiuchumi wa msafara ulianguka, na malezi yaliyofungamana nao yakaanza kupotea. Nafasi yake ikachukuliwa na kitu cha namna nyingine kabisa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianzisha Tabora shule ya wavulana ambayo mwanzoni ilikusudiwa zaidi kwa watoto wa watemi, chini ya fikra ya utawala usio wa moja kwa moja, yaani mfumo ulioimarishwa na gavana Donald Cameron ambao watawala wa jadi walitumiwa kuendesha serikali za mitaa kwa niaba ya wakoloni. Utaratibu wake wa mabweni na viranja, yaani wanafunzi waliopewa mamlaka juu ya wenzao, ulichukuliwa kutoka shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza. Mantiki yake ilikuwa kinyume cha ile ya msafara: kiongozi alijulikana kabla ya kikundi, aliteuliwa na mkuu wa shule, na uhalali wake uliteremka kutoka juu. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watoto wasio wa watemi, na mpango wenyewe ukaanza kuzaa matunda ambayo waliouanzisha hawakuyapanda.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Julius Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1942. Walioandika kuhusu maisha yake wanaeleza mambo mawili yanayohusiana moja kwa moja na mada hii: kwamba alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja na baadaye yeye mwenyewe akafanywa kiranja, na kwamba alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioomba kuanzishwa kwa chama cha midahalo. La pili ndilo lenye uzito zaidi, ingawa la kwanza ndilo linalopendwa kusimuliwa. Mdahalo ulileta shuleni kitu ambacho ukiranja haukuweza kukileta, yaani mahali ambapo mwanafunzi asiye na cheo alisikilizwa kwa nguvu ya hoja yake, kwa muda uliopimwa, na mpinzani wake akalazimika kumjibu. Kwa lugha ya uchambuzi, shule ilikuwa na ngazi ya juu ya baraza pasipo kambi zake, na midahalo ikaziba sehemu ya pengo hilo. Nyerere alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya Mt. Maria ya wamisionari Wakatoliki hadi alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949, na huko mjini alishiriki katika tawi la Tanganyika African Association, chama kilichotangulia TANU. Mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958, ambao ulikubali kwa taabu kushiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ulifanyika katika mji huohuo, na uamuzi wake ulitokana na kazi ya kuwashawishi wajumbe ambao wengi wao walifika wakiwa na msimamo tofauti.

Miaka 25 baada ya kuondoka shuleni, mwanafunzi yule aliandika *Elimu ya Kujitegemea*, waraka wa Machi 1967, ambamo alitaka shamba la shule liendeshwe kwa namna ambayo wanafunzi wanashiriki kupanga, kuamua, na kuona matokeo ya maamuzi yao, yawe ya faida au ya hasara. Hili lilikuwa pendekezo la kurudisha kazi ya kweli katika kiini cha uongozi wa vijana, na ni vigumu kuona lingekuwa bora zaidi kwa nadharia. Utekelezaji ndio uliolivunja. Katika shule nyingi walimu walipanga, wanafunzi wakalima, mavuno yakaingia katika hesabu ambazo mlimaji hakuzisoma, na jembe likageuka adhabu ya mchelewaji. Serikali ya wanafunzi iliyobaki, yenye kaka mkuu, dada mkuu na viranja wa usafi, chakula na taaluma, inaweza kupiga kura kila mwaka, lakini kiranja wa chakula asiyeonyeshwa ratiba ya manunuzi wala daftari la stoo hana la kuwaeleza waliomchagua ila kwamba maharage yamechelewa.

Sheria za karne hii zimeongeza vyombo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na mabaraza ya watoto yameundwa hadi ngazi ya taifa. Zanzibar ilitunga sheria ya baraza lake la vijana mwaka 2013 ikiweka mizizi yake katika shehia, na Bunge la Muungano likapitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania mwaka 2015. Shehia na kata ni chaguo zuri la mahali pa kuanzia, ila hata kata ni pana mno kwa kijana wa miaka 15. Ngazi inayokosekana ni ile ya watu wanane wenye jambo lao la kila siku, kama vile bweni, timu, kikundi cha kwaya au madrasa, kitalu cha miche au zamu ya kisima, ambayo ingempeleka mjumbe katani akiwa na kitu cha kusemea na watu wa kumuuliza akirudi.

Tatizo la umri linazidisha ugumu huo. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, ilhali mtoto kisheria ni aliye chini ya miaka 18, hivyo aliye na miaka 16 ana viti viwili na huenda asikalie hata kimoja, kwa sababu katika baraza la watoto hukaa na mtoto wa miaka 10, na katika baraza la vijana hukaa na mtu mwenye watoto, biashara na matarajio ya kugombea udiwani. Mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutakiwa kisheria kuitenga tangu mwaka 2018, asilimia 4 ya mapato ya ndani ikiwa ya vijana, huwahusu waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo ajenda yenye fedha inapofika mezani, wa miaka 16 huwa hana sehemu ndani yake. Halmashauri inayotaka kumfikia haihitaji kusubiri sheria mpya. Inaweza kuanza na bajeti ndogo ya shule moja, ikiwaachia wanafunzi fungu la matumizi ya bweni kwa muhula mmoja, daftari likiwa wazi, na wajumbe wakitakiwa kusoma hesabu mbele ya bweni lote kabla ya likizo.