Ripoti ya Wathibiti Ubora Ikishafika Shuleni

Shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania ina wakubwa wawili. Fedha, walimu na majengo vinasimamiwa na halmashauri, na juu yake OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wathibiti ubora wa shule, ambao wazazi wengi bado wanawaita wakaguzi, ni watu wa Wizara ya Elimu. Anayeandika mapendekezo hana fungu, na mwenye fungu hakuwamo darasani yalipoandikwa. Mwalimu mkuu amebaki katikati, ripoti mkononi.

Kiunzi cha uthibiti ubora cha mwaka 2017 kinapima maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule na ushiriki wa jamii. Katika utekelezaji, maeneo hayo hayalingani hata kidogo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni shule kuyashika mapendekezo yote kwa mkono mmoja, ikianza na yanayoonekana toka barabarani.

Tuseme shule ina wanafunzi 600, nusu wasichana, na ripoti imetaja mambo mawili: vyoo havitoshi, na watoto wa darasa la pili hawasomi vizuri.

Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, shule hii inahitaji matundu 27. Sasa tazama mfuko. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni moja kwa moja imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi kwa shule yote. Humo zimo chaki, mitihani, michezo na ukarabati mdogo. Choo kipya hakitoki humo, na mwalimu mkuu anayeahidi kukijenga kwa ruzuku anajidanganya. Kazi yake hapa ni kulisukuma pendekezo: liingie kwenye muhtasari wa kamati ya shule, lipite kwa Afisa Elimu Kata na Kamati ya Maendeleo ya Kata, lifike halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Pendekezo litakalofika Mei limeshachelewa mwaka mzima. Wananchi wakiwa wameshakusanya mawe na mchanga, ombi la saruji na bati huwa gumu zaidi kukataliwa.

La kusoma halihitaji fungu jipya. Kalamu ya mwalimu mkuu inatosha kuanzia. Nani anafundisha darasa la kwanza na la pili? Katika shule nyingi mwalimu hodari hupelekwa darasa la saba, kwa sababu ya mtihani, na wadogo wanaachiwa aliyebaki. Kumrudisha huyo hodari chini ni uamuzi wa ratiba, ingawa utaleta manung'uniko ofisini. Baada ya hapo kila mtoto apimwe kusoma peke yake, dakika chache tu: herufi, silabi, maneno, kisha hadithi fupi. Jina lake liandikwe mbele ya hatua aliyokwama. Vikundi vya mazoezi vipangwe kwa hatua hizo, si kwa madawati. Jumuiya ya ujifunzaji ya walimu chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ndiyo mahali pa kujadili orodha hiyo, somo kwa somo.

Kuna taarifa za utekelezaji zinazonichosha: "walimu wamekumbushwa", "pendekezo limezingatiwa". Hazithibitishi chochote. Orodha ya majina ya Februari ikiwekwa kando ya ile ya Juni inaonyesha nani amevuka kutoka silabi kwenda maneno na nani bado yuko palepale. Mthibiti akirudi kufuatilia, aombe orodha hizo mbili, kisha achague watoto watano mwenyewe na kuwasikiliza wakisoma.

Utekelezaji una adui mwingine asiyetajwa kwenye ripoti: uhamisho. Mwalimu mkuu akihamishwa katikati ya mwaka, anayekuja huanza na vipaumbele vyake. Jedwali la utekelezaji, lenye jina la mhusika, gharama na tarehe kwa kila pendekezo, lipitishwe na kamati ya shule. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wake, ambaye ni mzazi wa kijijini hapo na hahamishwi na halmashauri.